Penseli ya T.M.

Mimi ni msoma mita za maji.
Nabisha hodi Ilala, Buguruni, Chang'ombe,
nachuchumaa kando ya bomba, naandika tarakimu,
kisha, nikijipangusa magoti, nauliza:
"Samahani mama, humu ndani hakuna vitabu vya katuni,
vile vya zamani?"
Wengine hudhani ni fumbo la kukatiwa maji.

Ndivyo nilivyompata Jabali Mrukaji, toleo la tano,
akishikilia mguu wa kabati lisiyumbe.
Kuna sajini mmoja wa vita nilimtoa kwenye banda la kuku,
kofia yake ya chuma ina mavi mpaka leo.

Mwajabu, mke wangu, amehesabu maboksi chini ya kitanda:
kumi na moja.
Anasema hata mende wana chumba, yeye hana.
Nami natia karafuu baina ya kurasa,
naanika asubuhi, si adhuhuri, wino usichujuke,
maana joto la mji huu linakula karatasi
kama mtoto na ubuyu: taratibu, mpaka kokwa.

Shomvi, anayetandaza vitabu kando ya Posta,
aliniuzia cha vita kwa bei ya chipsi mayai.
"Kimechorwachorwa," akasema, kama anayeomba radhi.
Usiku nikawasha taa.
Katika kila kiputo Kiingereza kimefutwa,
na mahali pake, kwa penseli,
herufi ndogo zimesimama wima kama wanafunzi mstarini.

Rubani anayeungua: "Nilisema mimi, hii gari haina breki."
Jenerali mwenye nishani: "Nani kala ukoko wangu?"
Askari handakini, matope kifuani,
anamnong'oneza mwenzake: "Afadhali Jangwani masika."
Na bomu linapotua,
PUUU!
halafu pembeni, kwa adabu: "samahani jirani."

Nilicheka mpaka Mwajabu akaamka.
Akanipokonya, akasoma, akaomba kingine.

Ukurasa wa mwisho: T.M., Keko Machungwa.
Hakuna mwaka.

Tangu hapo visafi havinisisimui.
Shomvi aliniletea kimoja ndani ya nailoni,
"Hiki hakijaguswa, kaka."
Nikamrudishia. Nitafutie kilichoguswa.

Miaka sita, nimepata tisa.
Nilishamchora T.M. kichwani: kijana mwembamba,
kola imechakaa, penseli nyuma ya sikio,
Twaha labda, au Thabiti.
Mpaka cha tisa, nyuma ya jalada:
*uzi wa kusukia
mafuta ya nazi
gauni kwa fundi, lirefushwe
namba saba kwa Hashili, asipotoa nimnunie*

Nikakaa kitako.
Nikaanza vita vyote upya, kutoka boksi la kwanza,
na safari hii jenerali alikuwa na sauti ya msichana
anayezuia kicheko ili wakubwa wasiamke.

Keko, nyumba ya tatu, mama mmoja aliniambia:
palikuwa na Tunu, palikuwa na Tausi, palikuwa na Tabia.
Mmoja kaolewa Tunduru, mmoja yuko Mtwara,
na mmoja...
akafunga bomba, akafunga na mdomo.

Cha kumi kimefika juzi. Jabali Mrukaji.
Penseli inakwenda mpaka ukurasa wa kumi na tisa.
Hapo Jabali anaporomoka kutoka ghorofani,
joho limemgeukia usoni,
na kiputo chake ni cheupe.
Ufutio umepita sana, karatasi imekonda,
ukiinua kwenye taa unaona ukurasa wa pili.
Alifuta. Hakuandika.

Mwajabu amechonga penseli kwa wembe, kaniwekea mezani.
"Mwandikie basi. Ataanguka mpaka lini?"

Mkono wangu umezoea tarakimu.
Kesho zamu yangu ni Keko, nyumba arobaini na mbili.
Kitabu nimekitia mfukoni pamoja na daftari la mita,
na penseli,
na ufutio.